Waziri alisema bungeni hakukutana na wageni, na mimi ndiye niliyewapelekea chai

Wakuu, habari za humu ndani.

Shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjaziandika, maana najua wengi humu ni wajukuu zangu. Marahabani. Kama yupo aliyenizidi umri, shikamoo yake.

Mimi ni Mama Paskali. Shule niliishia darasa la pili, kusoma vizuri na kuandika nikajifunzia baadaye kwenye elimu ya watu wazima, kwa hiyo herufi zikipotea mtanisamehe. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa na mtu.

Juzi kuna mmoja aliandika humu kwamba waziri akikaa faragha na watu wa nje hayo ni mambo yake, Bunge halihusiki, na mwananchi wa kijijini ndiyo kabisa hana lake. Nikasema huyu ngoja nimwandikie. Nimeandika kwa kidole kimoja siku tatu, kwa hiyo msome mpaka mwisho.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vita ya Kagera imeisha, madukani hakuna kitu. Sukari kwa mgawo, sabuni kwa mgawo, chai mnaweka chumvi mnakunywa hivyo hivyo na maisha yanaenda.

Nyumbani kwetu ni upande wa Endamarariek. Mume wangu Boay alikuwa na ng'ombe na shamba la mahindi na mbaazi. Maji ya uhakika yalikuwa chemchemi moja chini ya mteremko. Kiangazi vijito vyote vinakufa, ile haifi. Sisi Wairaqw tunanywesha pale, na Wamang'ati wanapanda kutoka bondeni wananywesha pale. Hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Mimi nilikuwa mhudumu kwenye nyumba ya wageni huko juu, ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Kule ukungu unaingia mpaka jikoni. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Filipo, Mchaga wa Rombo, mkali kama pilipili. Sheria yake ilikuwa moja: mgeni akishasema jina lake na anakunywa nini, asiulizwe tena mpaka anaondoka.

Wenzangu Agnesi na Hadija waliandika kwenye vikaratasi. Mimi wakati huo nilijua kuandika jina langu tu, nikawa natumia njia ya nyumbani.

Kwetu ng'ombe hawahesabiwi moja, mbili, tatu. Jioni unasimama mlangoni pa zizi, unawataja wanavyoingia. Paji Jeupe, nyuma yake Kijivu, nyuma yake Pembe Moja. Kila mmoja ana mtu wake wa mbele na wa nyuma. Akikosekana mmoja, ulimi wenyewe unakwama.

Basi na wageni niliwaweka hivyo hivyo. Msicheke. Sijawahi kumpa mtu kahawa ya mwenzake.

Sasa siku moja ikaja Land Rover bila bendera, na nyingine nyuma yake imebeba wageni wa nje. Akashuka waziri. Jina lake nalijua, la baba yake nalijua, lakini siliandiki humu, ana watoto na wajukuu ambao hawakukosa kitu. Tukaambiwa yuko likizo, amekuja kupumzika, na hakuna kuandika majina kwenye kitabu cha wageni.

Mzee Filipo akaninong'oneza, "Likizo gani hii mtu anakuja na ramani?"

Walikaa siku mbili kwenye sebule yenye moto, mlango umefungwa. Lakini wakuu, mlango unafungwa kwa watu. Kwa chai haufungwi. Mimi niliingia asubuhi, saa nne, baada ya chakula, na saa kumi. Hakuna aliyenyamaza nilipoingia. Mwenye sinia ni kama kiti tu.

Watu wanane, vikombe vinane. Na sukari yao walikuja nayo kwenye kopo, nyeupe, mpaka jicho langu likauma.

Wa nane alinishtua. Alikuwa shemeji yangu Gwandu, kaka yake mume wangu, mwenyekiti wa kijiji chetu. Amevaa koti la harusi. Alinitazama kama hanijui, na mimi nikamwekea kikombe kama simjui.

Ramani ilikuwa imetandikwa meza nzima, nikawa natafuta pa kuweka vikombe. Gwandu akaweka kidole na kusema, "Chemchemi ni hapa." Kiingereza changu kilikuwa cha jikoni na cha watalii, lakini "fensi" naijua, na "hantingi", yaani kuwinda, naijua. Wale wageni walitaka kuzungushia uzio chemchemi na mbuga yote ya chini, iwe kambi ya kuwindia ya watu wa kampuni yao na wakubwa wa huko kwao.

Mpima ardhi waliyekuja naye, Ndugu Dikson, akauliza kwa Kiswahili, "Na Bunge je, halitauliza?"

Waziri akacheka. "Haya ni mahusiano yetu na nchi rafiki. Mambo ya nje. Bunge litajua tukishamaliza."

Nikamimina kikombe chake, nikatoka. 

Mnaweza kuuliza kwa nini sikusema hapo hapo. Nimwambie nani? Mwenyekiti wa kijiji ndiye huyo kakaa ndani.

Mwisho wa mwezi nikashuka nyumbani. Nakuta bikoni nyeupe za zege, zile alama za mpaka, zimeshasimikwa kuzunguka chemchemi, na walinzi wawili. Boay alikuwa anatoka huko na ng'ombe hawajanywa, wanalia njia nzima. Kama hujawahi kusikia ng'ombe wanalia kiu, siwezi kukueleza. Pembe Moja alikuwa na mimba, alianguka pale pale njiani, hakuinuka.

Wanakijiji wakamwendea Gwandu. Akasema, "Mimi sijui kitu. Ni amri ya juu."

Mbunge wetu, naye jina lake silitaji, akapeleka swali bungeni: je, ni kweli waziri alikutana na watu wa nje akawaahidi ardhi ya wananchi?

Siku ya jibu tulikusanyika dukani kwa Mzee Sulle, kwenye redio. Tukamsikia waziri kwa sauti yake tamu: hajakutana na mgeni yeyote, alikuwa likizo na familia yake, na bikoni ni za utafiti wa maji.

 Ng'ombe wao wanakufa na redio ndiyo imeshasema.

Mimi nilikuwa nimeshika chumvi yangu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mwongo! Familia gani? Chai ya rangi na limau nimempelekea kwa mkono huu!"

Duka zima likageuka.

Nyumbani Boay akaniuliza, "Ni kweli?" Nikamweleza yote, ila sikumtaja kaka yake. Nilishindwa. Gwandu ndiye aliyetoa ng'ombe wa mahari yangu baba yao alipofariki. Unamtajaje mtu kama huyo? Lakini kesho yake nikamwomba katekista amwandikie mbunge kwamba niliwaona.

Wiki mbili baadaye mbunge akaja. Mkutano ukawa uwanja wa shule, watu wamejaa mpaka kwenye mahindi. Meza kuu ameketi mbunge, kulia kwake mwenyekiti Gwandu, amekunja mikono.

Mbunge akasema waziwazi, "Ndugu zangu, jibu la waziri mmelisikia. Nikirudi mikono mitupu, kesi imeisha na uzio unajengwa. Kuna mama ameniandikia kupitia kwa katekista kwamba aliwaona. Yuko wapi?"

Nikasimama. 

"Mama, una kumbukumbu yoyote ya maandishi?"

"Sina."

"Unajua kuandika?"

"Jina langu."

Kuna vijana nyuma wakacheka. Mmoja akasema, "Mama Paskali atampeleka waziri kortini na sufuria!"

Mbunge akapunga mkono wanyamaze. "Sasa mama, utanithibitishiaje?"

Nikafumba macho, nikasimama mlangoni pa zizi.

"Wa kwanza waziri, chai ya rangi, limau. Nyuma yake katibu wake Ndugu Shabani, chai ya maziwa, hataki utando. Nyuma yake Bwana Helmuti, kahawa nyeusi, kikombe kisiwe na maua. Nyuma yake Bwana Krista, maji ya moto matupu, tumbo linamsumbua. Nyuma yake Bwana Anselmo mwenye masharubu, chai ya maziwa na tangawizi. Nyuma yake Mama Lizeloti, karani wao, chai nyepesi sana. Nyuma yake Ndugu Dikson mpima ardhi, anakunywa chochote."

Mbunge alikuwa anaandika mbio. Akainua kichwa. "Nianzie nyuma."

Nikaanza na Dikson, nikarudi mpaka kwa waziri, limau lake na yote. Watu wakapiga makofi. 

Lakini mbunge alikuwa mtu makini. Akaniuliza, "Mama, ulikuwa unabeba vikombe vingapi?"

Nikajibu kabla sijafikiri. "Vinane."

Akahesabu kwenye karatasi yake. "Umenitajia watu saba."

Hapo wakuu, ulimi ukakwama. Nilikuwa nimemruka mmoja, na mlango wa zizi haufungwi mmoja akiwa nje.

Nikamtazama Boay. Nadhani alishaelewa, maana aliangalia chini, kisha akaniinulia kichwa kidogo tu. Mpaka leo namshukuru kwa kile kichwa.

Nikasema, "Wa nane ni shemeji yangu Gwandu. Huyo hapo kulia kwako. Maziwa mengi, sukari vijiko vinne."



Halafu Bibi Hhawu, mama mzee wa watu, akasimama na fimbo yake. "Vijiko VINNE? Gwandu! Sisi tunakunywa chai ya chumvi, wewe vijiko vinne?"

Uwanja ulilipuka. Watu walicheka huku wamekasirika, sijawahi kuona tena kitu kama kile. Chemchemi imeuzwa, lakini kilichowachoma zaidi ni vile vijiko.

Gwandu akasimama. Nilidhani atanitukana. Jasho linamtoka.

"Niliahidiwa trekta la kijiji," akasema. "Naapa nilidhani nawasaidia. Kisha nikaogopa."

Mbunge akamuuliza taratibu, "Ndugu Mwenyekiti, mliandikishana?"

"Ndiyo."

"Nakala unayo?"

"Iko kwenye sanduku, chini ya kitanda."

"Tunaifuata sasa hivi," mbunge akasema, na mkutano mzima ukahama, watu mia kadhaa wanatembea kwenda kwenye sanduku la Gwandu! Mke wake, Mama Emiliana, alipotuona akadhani kuna msiba, akaanza kulia.

Karatasi ikatoka. Sahihi nane. Mbunge akalinganisha na majina yangu. Hakukosekana mtu. Akaniambia, "Mama, ungekuwa wewe ndiye mbunge mimi ningekaa nyumbani."

Kikao kilichofuata tukajaa tena kwa Mzee Sulle, hata Wamang'ati walikuja na fimbo zao. Mbunge akasimama na swali la nyongeza. Akasoma majina, moja moja, kwa mpango ule ule niliompa. Nilikuwa nafuata kwa midomo. Kisha akasema anaomba kuweka mezani karatasi yenye sahihi.

Redio ikakwaruza. Nikamsikia waziri, sauti ile tamu imekauka.

"Ndugu Spika, naomba kurekebisha jibu langu la awali."

Wakuu! Mzee Sulle alirusha kofia juu ikatua kwenye pipa la mafuta ya taa. Watu walikumbatiana. Boay, mume wangu ambaye hajawahi kunishika mkono mbele za watu, alinishika.

Bunge likataka maelezo yote: alikutana na nani, kwa ruhusa ya nani, aliahidi nini kwa jina la nchi. Ikabidi aeleze. Makubaliano yakafutwa. Baadaye waziri akapumzishwa, na safari hii ikawa likizo ya kweli.

Sitawadanganya kwamba sikulipa. Kazini nilihamishiwa kufua mashuka kwa kuwa "mdomo wangu ni mrefu". Nilifua mwaka mzima kwa maji ya baridi ya Ngorongoro, vidole vinajua. Aliyenirudisha ni Mzee Filipo, alipogoma kupika siku wageni walipopewa kila mmoja kahawa ya mwenzake.

Gwandu uenyekiti ulikwisha. Alikuja nyumbani na dume la kondoo na pombe ya asali, wazee wakatupatanisha. Nilimheshimu mpaka alipofariki, maana kusimama pale uwanjani na kukubali si kazi ndogo.

Bikoni tuling'oa wenyewe. Wanaume walichimba kwa majembe, wanawake tukazivingirisha mteremkoni tukipiga vigelegele. Ng'ombe waliingia majini mpaka magotini, wakanywa, wakanyanyua vichwa, wakanywa tena. Hakuna aliyewaharakisha.

Nilichojifunza ni hiki. Waziri akiulizwa bungeni anaulizwa na sisi, mbunge ni mdomo tu. Akienda kuzungumza na watu wa nje anazungumza kwa jina letu, kwa hiyo hakuna faragha hapo. Na mbunge hawezi kuuliza asichokijua. Anayejua ni dereva, mpishi, mfagiaji, aliyefungua geti. Yaani wewe unayesoma hapa.

Ndugu uliyeandika juzi kwamba mwananchi hana lake, nakusubiri hapa chini unijibu. Na wengine mliowahi kushika sinia, funguo au usukani wa wakubwa, andikeni mliyoyaona. Nasoma polepole, lakini nasoma komenti zote, na majina yenu sitayasahau.