Masizi Mbele ya Wakwe

Aibu niliyoipata ile samedi, Jumamosi ya kwenda ukweni, sijui kama kuna mwanaume mwingine Durban nzima amewahi kuipata, na nawasimulia mwenyewe kabla kaka yangu Serge hajawasimulia na chumvi zake.

Ilikuwa mwaka ule baada ya Kombe la Dunia. Nilikuwa nafanya kazi Sydenham kwa Uncle Deva, mzee wa Kihindi anayetengeneza bunduki za kuwindia (kwa kibali, msianze), yeye anashughulika na chuma na mimi, kwa kuwa nilijifunza useremala Bukavu, ananiachia mbao. Wiki hiyo tulikuwa na bunduki ya bibi mmoja mwenye shamba la miwa. Kiharusi kilikuwa kimemdhoofisha mkono, na mti wa bunduki yake, ile mbao ya kushikia, ulikuwa mnene kama mguu wa kitanda, akatuambia, "Nipunguzieni, nataka kuwinda tena." Basi nikawa napunguza, pale shingoni mkono unaposhika na mbele kinapokaa kiganja cha kushoto, tupa kidogo, msasa kidogo. Na ili chuma kikae vizuri ndani ya mti, unakipaka mafuta meusi ya masizi, unakilaza, unakitoa, panapobaki alama nyeusi ndipo unakwangua. Yale mafuta hayakauki, yanakwenda na wewe mpaka kitandani.

Sasa samedi hiyo saa sita nilitakiwa mtaa wa Point, kwa wazazi wa mpenzi wangu Aline, Warundi, kujitambulisha rasmi, Serge akiwa msemaji wangu. Asubuhi nikapita kazini kumaliza, nikanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, nikavaa suti. Serge anapiga honi nje. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, jamani, mlangoni! Nikasema ngoja niinyanyue mara moja tu, nione kama imekuwa nyepesi. Nikaiweka begani. Eish, ilipanda yenyewe, shingo yake imejaa mkononi kama imezaliwa humo. Nikatoka mbio huku nimefurahi, kiganja sikukitazama.

Joto la Februari mnalijua. Kila robot, zile taa za barabarani, tukisimama najifuta jasho, pua, paji la uso, shavu, na Serge anaendesha huku anakariri hotuba yake, hakunigeukia hata mara moja. Kule Point lifti iko imekufa, tukapanda ngazi gizani. Mlango ukafunguliwa na shangazi yake Aline, kavaa lesi nyeupe pee, akanikumbatia, nami nikampigapiga mgongoni kwa heshima. Nikampa mkono baba, nikampa mkono mama. Wote wakanyamaza. Nikadhani ni adabu za Kirundi.

Serge akasimama, akakohoa. "Kijana wetu ni fundi wa mbao, mtu mtulivu, mtu safi..."

Hapo Aline akaingia na sinia la Fanta. "Yesu wangu! Uso umeufanya nini?"

Kulikuwa na kioo ukutani. Nilikuwa na masharubu ya paka, na paji la uso kama nimetoka kwenye tanuri. Shangazi akageuka naye ajitazame, na pale mgongoni, vidole vyangu vyote vitano.

"Hiyo ni nini?" mama akauliza, anajifuta kiganja.

Ningeweza kusema ni rangi ya kabati. Lakini nikiwa na hofu mdomo wangu unasema ukweli bila kuniuliza. "Samahani mama, ni masizi ya bunduki."

Watu hawa walitoka Bujumbura kwa miguu kwa sababu ya bunduki. Serge akafumba macho. Mama akaichukua Fanta niliyokuwa nimewekewa akairudisha kwenye sinia.

"Ya nani?" baba akauliza taratibu.

Nikaeleza yote, bibi, mkono wake, tupa. "Mimi sipigi, baba. Napunguza mti tu, mtu mwenye mkono mgonjwa aweze kushika."

"Ashike aue," mama akasema.

"Aue swala, mama."

"Swala naye ana mama yake!"

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, mabega yanatikisika na vile vidole vyangu mgongoni vinacheza. Wengine wakamfuata. Baba hakucheka. Alinyoosha mkono wa kulia, vidole viwili haviwezi kukunjika tangu wakimbie, akatoa nyuma ya kiti fimbo yake ya kutembelea.

"Mpini ni mnene, kwenye ngazi unaniponyoka. Tangu krismasi sijashuka. Na huu utauweza?"

Nikaushika mkono wake nikauzungusha, nikaona mahali unapokunjika na mahali unapokataa. "Nitauweza, baba."

"Basi nenda nayo. Ya Aline tutaongea ukirudi."

Tangu hapo nimejiapiza: nikishavaa suti, kitu cha kazi sikigusi hata kwa kidole, na nikiingia nyumba ya watu, kazi yangu naitaja yote kabla sijaketi.

Samedi iliyofuata nilimrudishia fimbo, mpini mwembamba, una bonde dogo la vile vidole viwili. Akaishika. Akafungua mlango, akashuka ngazi moja moja, mimi nyuma yake naogopa hata kupumua, mpaka chini kabisa, mpaka nje kwenye jua. Akasimama akitazama watu wanavyopita.

"Mwanangu," akasema, "twende mpaka ile kona."