Bomba la Mvua

Injinia alipomwoa Mama Mapacha, hao mapacha hata hawajawa fikra, na meza ndani ya nyumba ilikuwa moja tu. Upande huu yeye ametandaza michoro yake, upande ule mkewe anakunja vitambaa alivyovitia rangi, tayari kwa soko. Akitaka nafasi zaidi, Injinia alivisukuma vitambaa kwa kiwiko bila kuinua macho. Mke alivihamishia kitandani, akaendelea kukunja. Ndoa ikiwa mbichi, hata kiwiko cha mume hupendeza.

Kazi ya Injinia ilikuwa kwenye kiwanda cha ngozi, upande wa juu wa kijito kilichopita nyuma ya nyumba yao. Yeye ndiye aliyechora njia ya maji machafu: yatoke kiwandani, yatulie kwenye mabwawa, yasafishwe, ndipo yaingie kijitoni. Kisha akachora bomba la pili, fupi, la kuyakwepa mabwawa na kumwaga moja kwa moja kijitoni, katikati ya matete.

"Na hili la nini?" mkewe aliuliza.

"Hilo ni bomba la mvua. Mvua kubwa ikinyesha, mabwawa yatafurika. Siku hiyo tu tunalifungua."

"Na mvua isipokuwepo?"

"Linafungwa. Kila kitu lazima uulize?"

Miaka ikaenda. Mapacha wakazaliwa, wakakua, na mikono ya mama yao ikawalisha kila mara mshahara wa kiwandani ulipochelewa. Serikali ikafungua ofisi ya mazingira, ikatafuta watu wanaovijua viwanda kwa ndani, Injinia akahamia huko. Akapewa gari lenye nembo mlangoni, buti za mpira na chupa za kuchukulia maji ya kupima. Mtaa mzima ukashangilia kwamba sasa una mtu wake. Mama Mapacha mwenyewe alijipiga kifua sokoni, asijue anachokipigia.

Tatizo lilikuwa adabu. Kwa wenye viwanda, Injinia alikuwa na adabu ya kupitiliza. Kabla ya kila ukaguzi aliketi sebuleni, akanyanyua simu.

"Meneja, habari za siku? Kesho tunapita hapo. Mjiandae."

Mkewe alisikia yote kutoka jikoni. Meneja naye alijiandaa, bomba la mvua likafungwa, na maji kwenye chupa yakawa meupe. Wakaguzi wakiondoka, bomba likafunguliwa tena, maana kuyasafisha maji kuna gharama na matete hayasemi. Watu wakilalamika, Injinia alikuwa na jibu moja: "Yako ndani ya kiwango." Wakambatiza Bwana Kiwango.

Huku chini mboga zilinyauka, watoto walijikuna mpaka damu, na harufu ya ngozi iliyooza ikaingia hadi kwenye vikombe vya chai. Mwishowe wakazi walibeba ndoo ya maji meusi, wakaimwaga kwenye ngazi za ofisi yake. Wakubwa wakamwambia atafute mkosaji haraka.

Hakwenda mbali. Asubuhi moja aliingia uani kwake na maofisa wawili, akamkuta mkewe ameinamia pipa, mikono ya bluu hadi kwenye viwiko.

"Mama, kwa mamlaka niliyopewa, tunaifunga shughuli hii."

"Mama nani? Mimi nilikuzaa lini?"

"Unamwaga maji ya rangi mtaroni."

"Rangi ya vitambaa inanuka ngozi, Baba Mapacha?"

"Usinivunjie heshima mbele ya vijana wangu. Sheria haijui huyu mke, huyu jirani."

Ofisa mmoja alizikazia macho buti zake mwenyewe. Mwenzake akazungusha utepe wa njano kwenye mapipa, akatia kufuli stoo ya rangi. Gazeti likamsifu Injinia kwa kutokuwa na upendeleo. Majirani nao wakaanza kuwavuta watoto wao Mama Mapacha akipita: huyo ndiye aliyetutilia sumu. Akafungasha, akahamia kwa dada yake ng'ambo ya kijito, akawa anafulia watu nguo. Mapacha, sasa watu wazima, walikuja kumwona.

"Mama, baba alifanya kazi yake tu."

Hilo lilimchoma kuliko utepe. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu duniani: jina lake lisafishwe mbele ya watu walewale walioliona likichafuliwa.

Kiangazi kikali kilipofika, Mkuu wa ofisi aliitisha mkutano pale pale kijitoni. Kwa kuwa ulikuwa mkutano, si ukaguzi, Injinia hakupiga simu. Akasimama mbele ya watu, tai shingoni, akatangaza kwamba chanzo cha uchafu kilikwisha kuzibwa. Nyuma yake, ndani ya matete, maji yalikuwa yanabubujika.

"Baba Mapacha," sauti ikatoka nyuma ya umati, "leo kuna mvua?"

Watu wakaangua kicheko. Jua lilikuwa utosini.

"Kaa chini, Mama."

"Nauliza tu. Maana bomba lako la mvua liko wazi. Lile ulilolichorea kwenye meza yangu."

Kicheko kikakatika. Mkuu akageuka kuyatazama matete, na hapo ndipo Mama Mapacha alipomjua vizuri mtu aliyelala naye miaka yote. Injinia alikuwa wa kwanza kuingia matopeni. Akayapasua matete kwa mikono miwili, akanyoosha kidole.

"Mheshimiwa, ndilo hili nimekuwa nikilitafuta!"

Kiwanda kikafungwa. Injinia akapandishwa cheo. Jina la mkewe halikutajwa, hata kwa bahati mbaya.

Baada ya msimu mmoja Injinia alikuja kwa shemeji yake, amevaa shati lisilopigwa pasi. Akamkuta mkewe kwenye beseni, mikono myeupe, imekunjamana kwa sabuni.

"Nimeutoa utepe. Mapipa yako wazi. Rudi nyumbani."

"Na watu uliowaambia nimewatilia sumu, umewaambia nini?"

Injinia akajipangusa vumbi kwenye shati.

"Ulipiga simu kabla ya kuja?"

"Simu? Kwa mke wangu mwenyewe?"

"Meneja ulikuwa unampigia." Akaikamua shuka, akaikung'uta, matone yakamrukia Injinia usoni. "Nenda. Siku ukipata la kuwaambia wale watu, nipigie kwanza. Na mimi nijiandae."