Jina la Guka Katika Majedwali Mawili

Hospitali niliyofanyia kazi Nyeri ilikuwa na majedwali mawili yasiyojuana kwenye kompyuta. Moja lilikuwa la mochari. Jingine lilikuwa la watu waliopotea, ambalo familia hujaza pale mapokezi zikija kuulizia. Zana niliyoandikia programu hufuata tu uhusiano uliochorwa kati ya jedwali na jedwali, na hapa hakuna aliyewahi kuuchora. Lakini inakuruhusu kuyaunganisha kwa sharti lako mwenyewe, nayo inakuamini bila swali.

Nikaandika langu: jina la nyumbani lifanane, kijiji kifanane, umri usipishane sana. Jina la baba nililiacha, kwa sababu waliowaleta maiti mara nyingi hawakulijua. Nilijiona mjanja kweli. Jibu likaja mstari mmoja, mwanamume wa kijiji cha Wamagana, na badala ya kungoja alama za vidole nikampigia mama yake simu.

Alifika kesho yake asubuhi na mke wa shemeji yake, ambaye anaishi naye boma moja. Mwana wa huyo mama niliyempigia alikuwa hajulikani alipo kwa wiki tano. Mwenzake alibaki kwenye benchi amemshikia mkoba, akaniambia kwamba yeye amebahatika, mwanawe yuko Kerugoya kwa kazi ya mjengo, hapigi simu lakini yuko. Niliitikia kwa kichwa tu, maana sikuwa nikimsikiliza.

Ndani, mhudumu wa mochari, mtu wa kutoka magharibi mwa Kenya, alifunua shuka. Mama alitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Asante Mungu," kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Huyu si wangu," alimwambia mhudumu alipoweza. "Ni wa huyo ako hapo nje. Wote wawili walipewa jina ya guka yao. Wangu bado sijui ako wapi."

Guka ni babu. Mhudumu hakuwa na lawama, kwao hawaiti watoto hivyo. Lakini mimi ni wa huku huku. Kwetu tuko wanne wenye jina moja, kila kifungua mimba wa kila mtoto wa kiume wa babu, na kila Krismasi mtu akiita jina hilo uani tunageuka wote. Nilijua hayo tangu utotoni na bado niliandika sharti lile. Nilijichukia pale pale, na hasira hiyo haijanitoka.

Tulipotoka, yule wa benchi aliinuka akamkumbatia mwenzake kabla hajatamka neno. "Pole sana," alimwambia. "Hautazika peke yako." Mwenzake alilia begani mwake, akanitazama mimi.

Nilimwomba huyo mwenye mkoba aketi kwanza. Akanijibu kwa upole kwamba yeye hajachoka, kiti apewe aliyefiwa.