Mkewe Hajaruhusu

Watu walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuna nguo iliyowahi kutoka mikononi mwake pindo likiwa limelegea. Alishona sare za shule, mapazia na magauni ya harusi katika chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye cherehani mbili, pasi, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na meza ya kukatia vitambaa ambayo mumewe aliiungia miguu ya chuma baada ya ile ya mbao kuliwa na mchwa. Kwenye droo ya meza hiyo kulikuwa na daftari la vipimo, na droo ilikuwa na kufuli. Kiuno cha mtu ni siri yake, alikuwa akisema, na nusu ya wanawake wa mtaa ule walilala salama kwa sababu Mama Pindo hana mdomo.

Mtu wa namna hiyo ukimpa simu ya kisasa umemtafutia presha. Binti yake alimletea moja, akamfundisha kupiga na kupokea, kisha akarudi alikoolewa. Tangu siku hiyo simu haikuacha kumsumbua kwa maswali. Ukigusa hiki inauliza, ukigusa kile inauliza: ruhusu kitumie intaneti? Siku moja aliwasha tochi atafute sindano chini ya meza, na tochi nayo ikaomba intaneti. Mama Pindo akaikazia macho. Tochi inataka kwenda wapi? Inakwenda kummulikia nani? Alikuwa amesikia redioni kwamba kuna programu zinazochukua mambo ya mtu ndani ya simu na kuyapeleka nje, kwa watu asiowajua. Akabonyeza USIRUHUSU. Kikokotoo kikauliza, USIRUHUSU. Saa ikauliza, USIRUHUSU. Nani angemlaumu? Wako wasomi wenye shahada mbilimbili wanaobonyeza kila kitu bila kusoma, na hakuna anayewaita washamba.

Wiki ile mumewe alikuwa amelazwa. Alikuwa fundi magari, na mtaa mzima ulimwita Spana, hata mkewe alipokuwa na furaha naye. Jumamosi tumbo lilimshika akiwa chini ya gari, akadhani ni uchovu. Kufika Jumatatu alikuwa kitandani wodi namba nne, uso umemshuka, tumbo limekaza, anaongea kwa kukatakata maneno. Madaktari walisema bado wanampima na kumwangalia. Ndugu waliruhusiwa kumwona saa moja tu kwa siku, kuanzia saa saba mchana.

Mama Pindo alikaa kando ya kitanda akamshika mkono. Mkono wa Spana, uliozoea kufungua nati zilizoshindikana, ulikuwa mwepesi na una joto baya. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na hakuwahi kumwona akiomba kusaidiwa kugeuka upande.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja anayemuuguza kaka yake. Aliinama karibu na sikio la Mama Pindo.

"Dada yangu, fungua macho," alimnong'oneza. "Hapa vitanda vikiwa vichache wanamruhusu mtu hata kama hajapona. Huyu kaka yangu mwezi uliopita walimruhusu Jumatano, Ijumaa tukamrudisha kwa machela. Wakija kukuuliza habari za ruhusa, kataa. Kataa kabisa."

"Na wakilazimisha?"

"Kataa tena."

Maneno hayo yalimwingia Mama Pindo yakakaa. Alimtazama mumewe, akamwona tayari yuko nyumbani, kwenye kitanda chao, anakata roho huku yeye hajui la kufanya.

Muda wa kuona wagonjwa ulipokuwa ukiisha, muuguzi alimsimamisha mlangoni, akaomba simu yake.

"Mama, nakuwekea hii, inaitwa Wodi Yangu. Kukiwa na lolote kuhusu mzee tutakutumia ujumbe humu. Una bando, au una wifi nyumbani?"

"Wifi ninaye," alisema Mama Pindo, "ila hakai kwangu, na wala hatuelewani sana."

Muuguzi alicheka hadi akashika ukuta. Mama Pindo hakuona cha kuchekesha. Dada wa mumewe alikuwa mwanamke wa maneno makali, aliyemwambia siku ya harusi kwamba kaka yake angeweza kupata mrefu zaidi. Kabla muuguzi hajaeleza ni wifi gani aliyemkusudia, kengele ililia upande wa pili wa wodi, akarudisha simu na kukimbia.

Mama Pindo alikuwa katikati ya ngazi simu ilipotetemeka mkononi. Miwani aliiacha juu ya cherehani. Aliona kipicha cha kitanda, aliona neno Wodi, na chini yake herufi ndogo kama matundu ya sindano. Halafu chini kabisa, kwa herufi nene ambazo hata asiye na miwani angezisoma: RUHUSU. USIRUHUSU.

Hata hajamaliza ngazi, tayari wanamuuliza! Yaani walimchekea mlangoni, kumbe walishapanga. Alishika chuma cha ngazi, akabonyeza USIRUHUSU kwa kidole gumba, kwa nguvu kama anayeponda kunguni.

Jioni kipicha cha kitanda kilirudi. Alibonyeza USIRUHUSU. Asubuhi, saa mbili unusu, akiwa ndiyo kwanza amekaa kwenye cherehani, kikarudi tena, na safari hii hakuitafuta hata miwani iliyokuwa mbele yake. Aliyajua maneno. Akakataa, akaigeuza simu uso chini juu ya meza.

Saa tatu ikaita. Namba ngeni. Mama Pindo hapokei namba ngeni tangu jirani yake atapeliwe na mtu mwenye sauti ya kistaarabu, lakini siku hiyo hakuwa akimwogopa tapeli. Aliwaogopa watu wa hospitali. Wameona simpi mgonjwa ruhusa kwa kubonyeza, sasa wanataka nitamke kwa mdomo, aliwaza. Akakanyaga cherehani ili mlio wake uifunike simu. Ikakatika. Ikaita tena. Akazidi kukanyaga, machozi yakimlengalenga, mpaka ikanyamaza.

Na ilivyonyamaza, ilinyamaza kweli. Saa nne, kimya. Saa tano, kimya. Ndipo hofu yenyewe ilipoanza. Alijiambia kimya ni heri, wamekata tamaa, Spana amelala kitandani pake anatibiwa. Lakini mwili haukumwamini. Alisimama, akakaa, akafungua droo akaifunga. Alichukua kitambaa cha sare akakata mikono miwili, na alipoiweka juu ya kiwiliwili akaona kwamba yote miwili ni ya kushoto. Miaka thelathini ya ufundi hakuwahi kukosea hivyo. Alikaa na ile mikono mapajani, akaogopa hata kushika mkasi.

Saa tano unusu mlango ulisukumwa ukagonga ukuta. Alikuwa wifi yake, kilemba upande, anahema.

"Wewe mwanamke!" aling'aka. "Umekataa ndugu yangu asipasuliwe, una wazimu?"

"Kupasuliwa?" Mama Pindo alisimama. "Nani anapasuliwa?"

"Usijifanye! Utumbo wake umejisokota, wanataka kumpasua tangu asubuhi. Wanakutumia ujumbe hujibu, wanakupigia hupokei. Wakamwomba namba nyingine, akatoa yangu. Muuguzi ananiambia mkewe hajaruhusu!"

"Wifi, mimi nimekataa asitolewe hospitali! Wanataka kumruhusu, hajapona! Wameniuliza mara tatu!"

Wifi alimtazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. Kisha akanyoosha mkono. "Hebu lete hiyo simu."

Alifungua Wodi Yangu. Kile kipicha cha kitanda kikatokea, na maneno yake. Wifi akayasoma kwa sauti, polepole, na kila neno lilishuka kifuani kwa Mama Pindo peke yake:

"Ruhusu... Wodi Yangu... itumie intaneti."

Ni neno lilelile moja. Waliotengeneza simu walikuwa na lugha nzima ya kuchagua, wakachukua neno ambalo kila mwenye mgonjwa hospitalini analisubiri au analiogopa, wakaliweka kwenye tochi, kwenye saa na kwenye uhai wa Spana.

Wifi alibonyeza RUHUSU. Simu ikatetemeka mara tatu mfululizo. Saa mbili na dakika arobaini: *Ndugu wa mgonjwa afike wodini haraka.* Saa tatu na robo: *Mgonjwa anahitaji upasuaji. Ndugu afike kutia sahihi na kuleta mtu wa kutoa damu.* Saa nne na dakika kumi: *Hali ya mgonjwa inabadilika. Tafadhali fika.*

"Nimemuua," alisema Mama Pindo.

"Hujamuua. Vaa viatu."

Alivaa kimoja cha kazini na kimoja cha kutokea, na hakujua mpaka baadaye. Ndani ya teksi alisahau maneno yote isipokuwa lile la saa nne na dakika kumi. Inabadilika kuwa nini? Alimuuliza wifi yake, wifi akatazama dirishani. Aliona taa za barabarani, aliona watu wananunua vocha na kucheka, akawachukia wote. Katikati ya safari wifi alimshika mkono, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

Walimkuta Spana amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu karibu na mlango wa chumba cha upasuaji. Midomo yake ilikuwa imekauka na rangi imemtoka. Daktari alikuwa amesimama kando, kalamu mkononi, hasira zote usoni.

"Mama, tumepoteza saa tatu," alisema. "Mgonjwa mwenyewe anaongea, angeweza kutia sahihi. Amegoma. Anasema mpaka aonane na wewe. Nilikuwa nakaribia kumpeleka kwa nguvu."

Mama Pindo aliinama juu ya kitanda. "Umegoma kwa nini, baba? Kwa nini?"

Spana alifumbua macho. "Nilimsikia muuguzi anamwambia mwenzake, mkewe hajaruhusu." Alipumzika, akavuta pumzi. "Nikajua una sababu. Wewe hukatai kitu bure."

"Mimi nilikataa simu! Ilikuwa simu, Spana, si wewe! Walikuwa wananiuliza habari za intaneti!"

Mdomo wa Spana ukacheza. Alitaka kucheka, tumbo likamkataza, akafumba macho kwa maumivu. "Na mimi nakusubiri uje unieleze," alisema.

Miaka ishirini na sita Mama Pindo alikuwa ameomba mumewe amsikilize: asinunue gari bovu, asimwamini yule mshirika wake, asipande juu ya paa bila ngazi. Hakusikilizwa hata mara moja. Na siku hiyo, siku aliyokosea, ndiyo Spana akaamua kumsikiliza hadi kufa.

"Naruhusu," alimwambia daktari, akitia sahihi iliyotoka kama ya mtoto. "Naruhusu mara mia. Mpelekeni."

Mlango ulifungwa. Wifi alikwenda kutoa damu, akarudi na pamba mkononi, akakaa kwenye benchi karibu na Mama Pindo bila kuacha nafasi katikati. Simu ilikuwa mapajani. Ilipouliza kama arifa zionyeshwe, Mama Pindo alibonyeza RUHUSU. Aliingia ndani ya simu, akaitafuta kila programu aliyowahi kuikatalia, akairuhusu moja baada ya nyingine: saa, kikokotoo, hata tochi. Ziende zinakotaka. Zichukue daftari lote la vipimo, zikimwachia tu yule aliye nyuma ya mlango. Kila mlango ulipofunguka alisimama. Kila ulipofunguka kwa ajili ya mtu mwingine alikaa, na kila alipokaa aliona ni vigumu zaidi kusimama tena.

Saa tisa kasoro simu ilitetemeka. Hakuweza kuisoma. Alimpa wifi yake, akaziba masikio kwa mikono miwili, kwa hiyo alichokiona kwanza ni uso: wifi yake analia na kutikisa kichwa kwa kukubali, juu, chini, juu, chini.

Siku tisa baadaye, Mama Pindo akiwa kwenye cherehani, kipicha cha kitanda kilitokea tena. Alivaa miwani. *Mgonjwa wako ameruhusiwa.* Alisoma mara nne, herufi nene na nyembamba, kisha akafunga chumba na kwenda kwa miguu yake hadi wodini, akamkabili muuguzi.

"Nani kamruhusu?"

"Daktari, mama. Amepona."

"Nataka kuona mwenyewe."

Spana alikuwa amekaa kitandani, amevaa shati lake, anabishana na mgonjwa wa jirani juu ya injini. Mkewe alimfungua vifungo bila kumuuliza. Kidonda kilikuwa kikavu. Aliinama, akasukuma miwani juu ya pua, akakagua mshono kwa ncha ya kidole bila kuugusa hasa. Nyuzi kumi na saba. Kumi na mbili za kwanza zilikuwa nzuri, zimepishana sawasawa, kazi ya fundi mwenye mkono. Tano za mwisho zilikuwa zimeachana na kwenda upande.

"Vipi," Spana aliuliza, "kuna kasoro?"

"Hapa mwishoni daktari alikuwa na haraka," alisema Mama Pindo.

Alimfunga vifungo kimoja kimoja, taratibu, akiwa ameinamisha uso, kwa maana alijua ni nani aliyemharakisha.