Maji Tele, Wifi

Kwa miaka kumi na tisa Mama Trei aliokota mayai katika banda la tatu la shamba la kuku, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitabu cha mahudhurio tu. Kazi yenyewe haikuwa na siri. Kuku wanne kizimba kimoja, sakafu ya waya, yai linateremka lenyewe hadi mkononi mwa mwokotaji. Kuku wa pale hakuwahi kukanyaga udongo wala kukunjua mbawa zote mbili kwa pamoja. Akifika mwaka na nusu mayai hupungua, msimamizi husema "wamekwisha", na lori la mchinjaji hurudi nyuma mpaka mlangoni.

Neno hilo lilimchoma. Akaanza kuomba wawili watatu kila lori lilipokuja, akaenda nao kwake. Wenzake walimcheka, wakasema mwenzetu kafungua nyumba ya wazee. Naye akacheka, akaendelea. Siku ya kwanza kuku walisimama juu ya udongo kama waliokanyaga kaa la moto. Wiki ya pili walichakura. Ya tatu manyoya yakawaota shingoni, na jirani fundi cherehani akaomba wawili, akaapa hatawachinja.

Habari zikamfikia mwenye shamba. Alimwambia Mama Trei kwamba Jumamosi angekuja kuona kwa macho yake. Akiwakuta wazima, basi kila banda likifikia kikomo, kuku mia mbili wangegawanywa kwa watu badala ya kupakiwa lorini. Kwa Mama Trei palikuwa na uchochoro tu, kwa hiyo Jumapili akawapeleka wanane wapya kwa kaka yake mwenye uwanja mpana.

Alimwachia wifi yake maagizo ya pumba, ya kivuli, ya mlango. Ukutani alitundika chupa kuukuu za mafuta, kila moja na kichuma mdomoni kinachotoa tone kuku akikidonoa. Kizimbani maji huja hivyo, kutoka juu, na hakuna chombo kingine. Hilo hakulieleza. Mkono uliozoea jambo miaka kumi na tisa husahau kwamba kuna asiyelijua.

Jumatatu wifi alizitazama zile chupa zenye ukoko, akaona haya kwa niaba ya wifi yake. Bosi aje akute takataka? Akazitupa, akanunua mabeseni matatu ya bluu, akayajaza hadi ukingoni, akayabadilisha asubuhi na jioni. Jua lilikuwa kali. Kuku waliinua midomo, wakadonoa misumari ya ukuta.

Jumatano alipiga simu kwamba wamepooza kidogo. Mama Trei alikuwa zamu, simu kaibana begani, mayai mikononi. Akamtuliza kwamba kuku wa vizimba ndivyo walivyo siku za mwanzo.

"Maji wanayo?"

"Maji tele, wifi."

Jumamosi Mama Trei alifika pamoja na mwenye shamba. Watano walikuwa wamekufa kando ya mabeseni yaliyojaa. Watatu walilala ubavu. Mama Trei alichovya kidole majini, akakiinua juu ya mdomo wa mmoja, tone likaning'inia. Kuku akafumbua jicho, akadonoa, akameza.

"Bosi, tazama. Wanajua kunywa hivi tu. Nipe siku tatu."

"Mama, kuku anakufa kiu na maji yako miguuni pake. Wewe unataka nikugawie mia mbili?"

Aliyewanyima beseni tangu wakiwa vifaranga ndiye aliyewahukumu kwa kutolijua, na hakuna mahakama ya kukata rufaa. Akapangusa viatu kwenye nyasi, akaingia garini.

Wifi alilia akiwa amekaa chini.

"Mbona hukuniambia, wifi?"

"Sikujua kama sijakwambia."

Jumatatu lori lilirudi nyuma hadi banda la tatu. Amri ilikuwa mpya: asitoke kuku hata mmoja kwa mlango mwingine ila wa lori. Na kwa utaratibu wa shamba, kila mwokotaji huwatoa kuku wa vizimba vyake mwenyewe. Mama Trei akawachomoa kwa miguu, watatu kila mkono, safu baada ya safu, bila kuwatazama nyuso. Ilipofika saa nne alikuwa amemaliza, na msimamizi akamsifu mbele ya wenzake kwa kasi yake.