Chokaa ya Ukuta wa Mashariki

Mume wangu ni fundi wa chokaa, na kwa miaka sita kazi yake imekuwa kujenga kuta zisizotakiwa na mtu. Sitanii. Pale kwenye jumba la kale, nyuma ya lango kubwa, kuna uwanja wa warsha. Jumatatu wanakuja wageni, ishirini au thelathini, wamevaa glavu mpya, kujifunza ujenzi wa zamani kwa mikono yao wenyewe. Mume wangu anawafundisha kupanga mawe, kushika mwiko, kupiga lipu. Ijumaa wanapiga picha mbele ya ukuta wao, wanakumbatiana utadhani wamejenga mji mzima, wanapewa vyeti, wanakwenda zao. Jumamosi asubuhi mimi na yeye tunaubomoa. Tunakwangua mawe, tunayarundika pembeni, ili Jumatatu wengine wapate cha kujenga.

Miaka sita hiyo. Hakuna hata ukuta mmoja uliofika Jumapili.

Mimi kazi yangu pale ni maji na chai. Wananiita mama wa chai, na wengine hawaniiti kabisa, wananyoosha tu kikombe huku wakizungumza na mwingine. Usiniambie kazi ni kazi kama hujawahi kunyooshewa kikombe na mtu asiyekutazama usoni. Lakini masikio yangu ni mazima. Kila alichowafundisha mume wangu nimekisikia, na mengi ambayo wao hawakuyapata aliniambia mimi tukibomoa Jumamosi, wawili tu. Chokaa naijua, wee, naijua hasa.

Sasa, mle ndani ya jumba kuna ukuta wa mashariki. Umetoka tumbo, ukisimama kwenye kona unaliona. Mume wangu aliuomba ukuta ule tangu mwaka wa kwanza. Bega lake la kulia limekwisha, siku nyingine namsaidia hata kuvaa shati. "Kabla halijanitupa kabisa," aliniambia, "nataka ukuta mmoja tu, mke wangu. Mmoja ambao sitaubomoa." Hakuwa na tamaa nyingine. Wenzangu waume zao wanalilia gari, wangu analilia ukuta.

Mwaka jana kamati ya jumba ikakubali, kwa masharti mawili: kazi ifanywe kabla ya mvua, na iwe kwa chokaa halisi kama ulivyojengwa. Loo, mwanamume alirudi ujana! Akachimba shimo nyuma ya stoo, akalijengea kingo, akaizima chokaa humo mwenyewe, mawe yaliyochomwa yakichemka ndani ya maji, mvuke ukitutoa machozi. Kisha akafunika kwa mbao. Chokaa ya ukuta kama ule haina haraka, inalala chini ya maji miezi kadhaa mpaka inakuwa laini kama siagi. Wageni wa warsha walitumia ya unga, ya kwenye magunia. Ya shimoni ilikuwa ya ukuta wa mashariki, basi. Kila asubuhi aliinua ubao, akachovya kidole, akatabasamu, akafunika.

"Hata mimi hujanitazama hivyo tangu tuoane," nikamwambia siku moja.

"Wewe hukunichukua miezi saba kulainika," akasema, akacheka mpaka akashika bega.

Zikiwa zimebaki wiki mbili aanze, dada yake mkubwa akafariki, ikabidi asafiri kwenda kuzika. Alisimama mlangoni na begi lake. "Lile shimo usimfungulie mtu. Hata aje nani."

"Nenda kazike, baba. Mimi si mtoto."

Wiki ileile ikaja warsha kubwa, wageni arobaini pamoja na wafadhili. Magunia ya chokaa hayakufika. Dada Mratibu, yule binti anayesimamia warsha, akanifuata jikoni, uso umemshuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chai bado."

"Sikuja kwa chai, mama yangu. Nimekwama. Fundi hayupo, chokaa haipo, na wageni ndio hao wameshavaa glavu."

"Pole."

"Nilikuwa nafikiria lile shimo..."

"Lile shimo lina mwenyewe."

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini binti yule ana ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. "Ndoo nne tu, mama," akasema. "Na ufundishe wewe. Nani mwingine hapa anaijua kazi hii?" Akatoa aproni ya kijani, ile iliyoandikwa MKUFUNZI kifuani, akanivika mwenyewe, akanifunga na kamba kiunoni.

Nisijifanye malaika. Sikudanganywa, sikulazimishwa. Niliitaka. Niliitaka aproni ile kuliko nilivyojua, na nilipoisikia inanibana kiunoni, maneno ya mume wangu yalinitoka kichwani kama hayakuwahi kusemwa. Nikaenda, nikainua mbao.

Na nilifundisha, jamani! Niliwaonyesha jinsi ya kukanda, jinsi ya kuijaribu kwa kuupindua mwiko uone kama chokaa itang'ang'ania. Watu arobaini kimya, wananisikiliza mimi. Mfadhili mmoja mwenye miwani alikuwa akiandika maneno yangu kwenye daftari, akaniomba nirudie. Nikarudia kwa madaha. Ndoo nne zikawa saba, zikawa nisizozijua. Chai siku ile walijimiminia wenyewe.

Siku ya pili Dada Mratibu akaona kuta hazishiki upesi, na mpiga picha alikuwa anakuja alasiri. Akaleta mfuko wa saruji. "Kidogo tu, mama, zikamate." Niliuona mfuko ule. Niliwaona wakiimwaga saruji kwenye makarai, wakichanganya. Nikasema moyoni, ukuta wenyewe wa kubomoa Jumamosi, ya nini kugombana? Kazi ilipokwisha, makarai yamebaki nusunusu, mgeni mmoja akanijia kwa adabu zote.

"Mwalimu, haya mabaki tuyamwage wapi?"

Mwalimu! Hakuna aliyewahi kuniita hivyo tangu nizaliwe. Nikajibu papo hapo, kwa sauti ileile ya mume wangu, maneno yake anayoniambia tukisafisha vyombo: "Chokaa haitupwi. Inarudi shimoni."

Na ni kweli, ikiwa ni chokaa tupu. Ikiwa na saruji ndani, unaliua shimo zima, maana saruji hailali chini ya maji, inagandia humohumo. Nilikuwa nalijua hilo. Ungeniuliza jikoni nikiwa na birika langu, ningekujibu nikiwa nimefumba macho. Lakini sikuwa jikoni, nilikuwa Mwalimu. Wakapanga mstari, wakamimina karai moja baada ya jingine. Mmoja akachukua mti akakoroga mpaka chini ili ichanganyike vizuri. Nikamsifu kwa bidii yake.

Mume wangu alirudi Jumapili. Nilimpokea kituoni, nikataka twende moja kwa moja nyumbani, nikamwambia amechoka. Thubutu! Akapitia shimoni na begi lake mkononi. Akainua ubao, akachovya kidole. Kidole kikagota. Akachukua mti, ukagota. Akaenda stoo akaleta mtaimbo, akaupiga kwa mkono ule mzima, pakakatika kibonge cha kijivu chenye mchanga. Akapiga pengine, yakatoka mabonge yaleyale. Akaendelea kupiga huku na huku, akitafuta hata ndoo moja ya kuokoa, mpaka nikashindwa kutazama.

"Saruji," akasema.

"Ni wageni wa Mratibu hao," nikasema, upesi kuliko ilivyofaa.

Akarudisha mbao, akaokota begi lake.

Jumatano kamati ikakaa kwenye ukumbi wa jumba. Mimi nilikuwa nazunguka na chai. Mwenyekiti, mwanamume wa sauti nzito, akauliza nani alifungua shimo. Dada Mratibu akainamia karatasi zake. Nilijua ni zamu yangu. Ilikuwa ni kufungua kinywa tu, maneno mawili, "ni mimi," hata mtoto anaweza. Nikafuta mdomo wa birika.

Mume wangu akasimama.

"Ni kosa langu, mwenyekiti. Nilisafiri bila kuweka kufuli. Wala sikumwachia mtu maelekezo."

Kufuli ningeistahimili. Hayo ya maelekezo yalinikata maini.

"Fundi," mwenyekiti akasema, "kuzima chokaa nyingine ni miezi, na mvua ni mwezi ujao. Hatuwezi kusubiri. Na kusema kweli, hatuwezi kumwachia ukuta wa mamia ya miaka mtu aliyeshindwa kulinda shimo." Wakampa mkandarasi kazi hiyo. Wote wakanyoosha mikono kukubali. Kisha mwenyekiti akanyoosha kikombe, na mimi, bila haya, nikamjazia.

Mkandarasi aliumaliza kwa siku nne. Aliliangusha lile tumbo na mawe yake, akapandisha matofali ya saruji, akapaka rangi. Umenyooka kama rula, na kila anayeuona anausifu. Wanasema utasimama kuliko sisi sote.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ya kikao tulirudi kwa miguu, yeye mbele kidogo, mimi nyuma. Barabara ilikuwa imejaa watu wanaotoka makazini. Nikamfikia.

"Mbona umesema ni wewe?"

"Wangekufukuza."

"Na wewe je?"

"Mimi wananihitaji Jumatatu."

Nikaona nianze kwa mbali, nipunguze makali. "Wale wageni, unajua, hawakujua kuwa mle..."

"Mke wangu," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniua. "Wageni hawajui kurudisha chokaa shimoni. Hilo nimemfundisha mtu mmoja tu."

Nikasimama katikati ya njia, watu wakinipiga vikumbo. Nikamwomba anigombeze. Nilimwambia anitukane palepale, hadharani, aseme lolote analotaka, nitanyamaza. Akasema bega linamuuma, tuongeze mwendo tufike nyumbani.