Koleta na Nyumba Mbili za Sadock

Koleta hakujua kusoma, lakini nyumba aliijua. Mpe nyumba iliyofungwa miaka mitatu, popo darini na vumbi la mji wa Same mpaka ndani ya makabati, na keshokutwa utaikuta inavutia kuliko unayoishi wewe. Alianza kwa dalali Habibu kama mfagiaji tu. Siku moja akamwambia, "Baba, watu hawanunui kuta. Weka hata kiti." Akaleta viti vyake mwenyewe kwa guta la mizigo, na mapazia yake, na sufuria zake. Nyumba iliyokuwa imekosa mteja mwaka mzima ikapata mtu wiki hiyohiyo. Tangu hapo Habibu alimwachia funguo za nyumba zote anazouza, na kazi yenyewe akaipa jina: kuvalisha nyumba.

Hayo yalikuwa kabla ya Devotha.

Devotha aliletwa mjini na Koleta mwenyewe, kutoka Gonja, amsaidie kusugua sakafu. Akamfundisha yote: kuchemsha tangawizi jikoni ili harufu ya popo ikimbie, kufungua madirisha ya upande usiopigwa na upepo, kutandika kitanda kidogo ili chumba kionekane kikubwa. Haikupita miaka miwili binti akanunua simu kubwa, akaanza kupiga picha. Picha zikafika Dar es Salaam, na wateja wakaanza kuuliza, "Yule dada wa picha yupo?"

Dada wa picha! Na aliyeleta viti vyake mwenyewe?

Koleta alimtazama akinawiri, roho ikamuuma. Alichukia kicheko chake. Alichukia kucha zake. Kuliko vyote alichukia adabu yake, maana Devotha hakuacha kumwamkia hata siku moja, na mtu anayekuamkia vizuri huna pa kumshikia.

Habibu naye akachoka. "Sadock ana nyumba mbili pacha pale upande wa mlimani," akawaambia. "Yeye yuko Tanga, na mkewe keshasaini. Kila mmoja avalishe yake. Itakayopata mteja kwanza, aliyeivalisha ndiye atakayebaki na funguo zangu zote. Siwezi kila siku kuwaamua kama vile nimewaoa wote wawili."

Devotha akacheka. Koleta akauliza, "Na mwingine?"

"Mwingine atadeki."

Devotha aliazima makochi ya kijivu na maua ya plastiki, akapanga glasi sita mezani, basi. Koleta alichungulia kupitia uzio. "Ukumbi wa harusi huo," akajisemea, lakini macho hayakutoka kwenye yale makochi.

Akaamua kumshinda kwa kile ambacho binti yule hakuwa nacho: uzoefu wa nyumbani, miaka yake yote ya kuwa mama wa nyumba. Akaanika kanga zake mbili kwenye kamba uani. Akaweka kandambili zake chini ya kitanda, kitabu cha nyimbo za kanisani dirishani, kapu la vitunguu jikoni na mwiko uliolika upande mmoja. Siku ya mteja aliinjika makande tangu alfajiri, na kufikia saa nne nyumba ilinukia kama watu wamezaliwa humo.

Mteja alikuwa mama Rogathe, mjane, nesi mstaafu kutoka Gonja, aliyechoka kupanda milima. Habibu akaamua aanzie kwa Koleta kwa kuwa ndiye mkubwa. Koleta akamtupia Devotha jicho, akaingia kifua mbele.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Eh! Makande haya umeyatia nini? Yananirudisha kwa marehemu mama."

"Vitunguu tu na subira, dada."

"Subira ndiyo siku hizi haiuzwi sokoni."

Wakacheka wote. Rogathe akazunguka vyumba, akagusa milango, akatoka uani. Akarudi jikoni. Akavuta kigoda, akakaa karibu na jiko, akashusha sauti.

"Mdogo wangu, dalali yuko nje, hasikii. Niambie kweli. Wewe umekubali nyumba hii iuzwe?"

Koleta akaelewa: amedhaniwa mke wa mwenye nyumba. Zile kanga, zile kandambili. Neno moja lilitosha: mimi si mwenye nyumba, navalisha tu. Alikuwa nalo mdomoni.

Lakini miaka kumi na moja nyuma alikaa Gonja hospitalini miezi miwili akimuuguza mama mkwe. Aliporudi kwake kijijini Kisiwani alikuta mapazia ya watu wengine madirishani. Loth, mumewe, alikuwa ameiuza nyumba na kuhamia Korogwe kwa mwanamke mwingine. Ndugu walimpa pole, mchungaji aliomba, mwenyekiti wa kijiji alijikuna kichwa. Swali hili hakulisikia kwa yeyote.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema, na machozi yakamtoka.

Rogathe akasimama, akachukua mkoba. "Basi mimi sinunui machozi ya mwanamke mwenzangu."

"Hapana, dada, nisikilize, mimi siyo..."

"Usiwatetee, mdogo wangu."

Huko nje Habibu aliapa mpaka jasho likamtoka kwamba mke wa Sadock yuko Tanga na kasaini. "Madalali wote husema mke kasaini," Rogathe akamjibu. Na Devotha alikuwa mlangoni kwake, katabasamu. "Karibu mama. Huku hajawahi kulala mtu."

Kufikia adhuhuri Rogathe na Habibu walikuwa wamekubaliana bei ya nyumba ya Devotha. Kutoka dirisha la jikoni Koleta alimwona Rogathe, yule aliyecheka naye kando ya jiko, akicheka barazani kwa mwenzake huku akipigwa picha. Makande yakaungua. Hakuyaepua.

Habibu akaja. "Koleta, umemwambia nini yule?"

"Nimemwambia kweli."

"Kweli ya nani?"

Koleta akatoka nje. Aliita guta, akapakia vitu vyake kimoja kimoja, hata pini za kamba hakuacha. Devotha akasogea.

"Shikamoo, mama. Pole. Hii iliyobaki nitaivalisha mimi, ila niachie jikoni pako palivyo. Nitakulipa. Na kazi ya kudeki ipo, usiwaze."

"Jikoni pangu unapataka pia?"

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha."

"Ndiyo. Ndilo kosa langu."

Devotha akanyoosha mikono miwili kupokea funguo, kwa ile adabu yake. Koleta aliitazama mikono ile na kucha zake, kisha akaliachia lile fungu zima la funguo likaanguka sakafuni, akapita. Hakugeuka. Lakini alisikia funguo zikikusanywa, akajua binti kainama, na mpaka anafika barabarani alikuwa bado anaifurahia ile sauti.